Hapa Jina, Hapa Cheo

Mjukuu wangu ndiye anayewaandika watu kwenye runinga. Ukimwona mtu anaongea, halafu chini ya kidevu chake ukapita utepe wa rangi wenye jina lake, ujue kuna mkono umeutuma ule utepe. Kwenye kituo kimoja huko Dar mkono huo ni wa mjukuu wangu, niliyemlea hapa Ifakara tangu mama yake alipofariki, nikamsomesha kwa mpunga. Nililisema hili sokoni, kanisani na kwenye foleni ya mashine ya kukoboa. Waliochoka kulisikia walihama foleni.

Likizo moja alifungua kompyuta yake kibarazani akanionyesha kazi yake. Kuna programu unailisha bei za mchele, nayo inazisimamisha kama michi, huu mrefu, huu mfupi, kila mchi na mji wake, Mlimba huku, Ifakara huku. Inaipaka ramani rangi pale mvua ilipozidi. Watu nao wana visanduku vyao viwili.

"Bibi, hapa jina, hapa cheo."

"Hata mimi nina cheo?"

"Kila mtu anacho, mke mwenzangu."

Ndivyo tunavyotaniana, tangu babu yake alipokuwa hai akimwita mchumba. Neno lile la cheo lilinikaa. Mimi niliishia darasa la nne. Kusoma nasoma, lakini polepole, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe.

Mwaka ule mto ulitoka kingoni, ukawachapa watu wengi. Mimi nilikuwa nimepanda mapema, tena upande wa juu, kwa hiyo ukaniramba kipembe cha chini tu ukarudi zake. Mjukuu akapiga simu.

"Mke mwenza, kuna mwandishi anakuja kutengeneza kipindi cha mafuriko. Nimemwelekeza kwako. Ila ukiongea usinitaje."

"Nisikutaje kwa nini, umeiba?"

"Basi tu, Bibi. Mambo ya kazi."

Nikakubali, na kusema kweli nilifurahi. Nilidhani hataki nimharibie. Nilidhani anataka kunitaja mwenyewe, kwa maandishi, pale chini ya kidevu changu. Mtu anayejua kuandika cheo cha kila mtu Tanzania hii atashindwaje kuandika cha bibi yake?

Mwandishi akaja na buti zisizojua tope. Nikampeleka shambani akaona mpunga wangu umesimama. Akautazama kidogo, kisha akaniomba tushuke kwenye kile kipembe chenye maji.

"Mama, simama humo, picha itakaa vizuri."

Nikasimama. Nikamwambia mpunga wangu umepona kwa sababu mimi si mgeni wa mto huu. Akaniuliza nyumbani nina nani wa kunisaidia. Ulimi uliniwasha, jamani. Nikasema, "Nina watu wangu," nikaumeza huo utamu wote.

Jumapili alasiri niliwakusanya majirani kwenye duka la bwana mmoja, ambaye wazee wake walitoka pwani zamani, ana runinga kubwa kama mlango. Ikapanda michi myekundu, mashamba yaliyozama. "Kazi ya mjukuu wangu hiyo!" nikawaambia. Kisha nikaja mimi, kitenge changu kipya, maji vifundoni. Yale ya mpunga kupona walikuwa wameyakata. Yalibaki, "Maji yalikuja mengi sana." Utepe ukaingia. Jina langu, sawasawa, bila kosa. Nikaanza kusoma mstari wa pili, silabi kwa silabi, lakini mwenye duka akanitangulia kwa sauti.

"Mhanga wa mafuriko." Akanigeukia. "Bi mkubwa, kumbe ulizama?"

"Mwacheni mhanga wa watu," akasema jirani yangu muuza vitumbua. "Anasubiri unga wa msaada. Mama mhanga, na sisi utatugaia?"

Wakacheka. Nilicheka nao, nimeuma meno. Katika maisha yangu sijawahi kukinga mkono kwa mtu, na watu wote wa Ifakara wanalijua hilo. Au walikuwa wanalijua.

Nilimpigia simu nikiwa njiani kurudi.

"Mhanga anaongea," nikasema.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani kaandika?"

"Mimi."

Akanieleza. Kwenye hiyo programu cheo huandiki, unachagua. Ukibonyeza zinashuka aina za watu: mkulima, mkazi, mtaalamu, mhanga. Mhariri alisema wote waliosimama kwenye maji ni wahanga.

"Na bibi?"

"Haimo."

"Si unaiongeza? Programu si unailisha wewe?"

 Akashusha sauti.

"Bibi, mhariri aliniuliza kama nakufahamu, maana ndugu wa mfanyakazi hawaruhusiwi. Nikasema sikufahamu."

Nilitafuta pa kukaa nikakaa kwenye jiwe, barabarani, nguo zangu za kanisani. Uhanga ningeuvumilia. Ningemkamata kila aliyecheka nimpeleke shambani, aone, anyamaze. Lakini hili ningempeleka nani akaone nini?

"Ningesema ukweli wangekutoa kwenye kipindi," akasema.

"Wangenitoa! Si ningebaki bibi yako, nyumbani kwangu?"

Akaanza kulia. Akasema Jumatano kuna marudio, atarekebisha.

"Rekebisha unavyojua," nikamwambia. "Unajua mimi ni nani."

Jumatano nilikwenda dukani peke yangu. Mwenye duka hakunitania, alinipa kigoda akaongeza sauti. Ikapita michi, nikaja mimi. Nikaegemea mbele, macho chini ya kidevu changu. Hakikupita kitu. Si mhanga, si mkulima, hata jina langu hakuweka. Bibi kizee tu amesimama kwenye maji anaongea, kisha wakamtoa.

"Labda mtambo umekwama, bi mkubwa," akasema yule bwana, kwa huruma yake.

"Haujakwama."

Simu ikaanza kuita ndani ya kitenge. Nilijua ni nani. Ikaita mpaka ikachoka, ikaanza tena.

"Hupokei?"

"Nipimie sukari," nikamwambia.