Bila-Kiti na mayai ya Florentine

Mu muji ya Baraka batu banamuita Darius Bila-Kiti, juu hakuna mwenye alishamuona ameikala. Darius anakula ugali amesimama. Ku kanisa, pasta anasema muikale, yeye anaenda kuegama ku mulango. Kazi yake ni kutengeneza magrupu, zile mashine ya mafuta yenye inatoa umeme. Alijifunza kazi hiyo ng'ambo ya ziwa, mu kambi ya bakimbizi kule Tanzania, kwenye aliingia mutoto akatoka mwanaume. Kule, anasemaka, ukiikala foleni inakupita.

Asubui moja simu yake ililia. Alikuwa Florentine, mama mujane mwenye iko na sanduku ya mbao, ampule sita ndani, zile balbu za umeme, ya kupasha mayai moto mpaka bifaranga bitoke.

"We Bila-Kiti! Grupu yenye ulitengeneza jana imenichomea ampule ine!"

"Niko mu njia, mama."

Ile maneno anajibiaka kila mutu, hata kama hajavaa viatu. Lakini ile siku alikimbia kweli.

Alipofika, mashine ilikuwa inapanda wuuu, inashuka brrr, inapanda tena, kama mugonjwa ya kifua. Darius alijua kosa papo hapo, na kosa ilikuwa yake. Jana alirekebisha karburateri, yenye inachanganya mafuta na hewa, na regilateri, ile resori ao springi yenye inashika mbio ya mashine, wakati mashine ilikuwa ingali baridi. Kisha akarukia pikipiki kwenda kazi ingine ku kijiji ya Lweba. Mashine ya baridi inakudanganya. Inafaa izunguke dakika makumi mbili, ipate moto, ndio uishike. Alijua ile tangu kambi. Ni zile dakika makumi mbili ndizo zinamushindaka.

"Mayai iko na siku ngapi?" akauliza.

"Makumi mbili. Kesho ndio yatoke." Florentine alikuwa ameshachomoa sanduku ku umeme, ampule mbili zilizobakia zisiungue nazo. "Bamama yabo, kuku zangu, balikufa na ugonjwa juma iliyopita, bote. Haya yakipoa, mi sina tena kuku."

Darius akazima, akafungua karburateri, akapuliza katundu ka mafuta mpaka macho ikamutoka. Akafunga, akawasha. Sasa kungoja. Mguu moja ilikuwa inaangalia barabara tayari.

Florentine alifunika mayai na bulangeti, lakini kumi na tatu ikakosa nafasi.

"Ikala," akamwambia.

"Nani? Mi?"

"We. Ku hii bidon ya maji. Leta tumbo."

Akamupangia mayai mu shati, karibu na ngozi. "Ukisimama, inaanguka. Utanilipa na nini, na bisibisi yako?"

Darius akaikala, akageuka kuangalia barabara, mayai ikagongana ti-ti-ti. "Tulia!" Bamama benye kutoka kuchota maji bakasimama ku uzio ya lupango. Moja akapiga makofi: "Muje muone! Bila-Kiti anaatamia!" Jasho ikamushuka mu macho, hakuwa na mukono ya kupangusa. Mbele yake ampule ya kujaribia ilikuwa imefungwa ku musumari, inawaka, inafifia, inawaka. Aliihesabia pumzi. Hakuwa amejua kama dakika iko ndefu vile.

Mashine ilipopata moto, Florentine akaisogeza karibu na bidon. Darius akashika mayai na mukono moja, akanyoosha ingine. Akafunga skurubu ya karburateri polepole mpaka mashine ikakohoa, akairudisha nusu, sauti ikanyooka. Akalegeza resori ya regilateri kidogo.

"Chomeka pasi, mama. Tuipe muzigo."

Mashine ikainama, ikajikaza. Ampule ikapepesa mara moja, ikasimama.

"Rudisha sanduku yako ku umeme."

Florentine alikuja kuchukua mayai, lakini Darius akafunika shati na mukono. "Mama, nisamehe. Nimepasua moja. Nilisikia ikipasuka ku tumbo."

Florentine akaiinua ku mwangaza. Ganda ilikuwa na ufa kadogo kama nyota, na kitu ilikuwa inagonga kutoka ndani.

"Hukupasua. Kifaranga iko anatoka yeye mwenyewe, na haraka kama yako. Ikala kwanza."

Simu ikalia. Alikuwa mutu ya Lweba mwenye alikuwa anamungoja.

"Bila-Kiti, uko mu njia?"

"Hapana," Darius akajibu polepole. "Nimeikala."

Mutu ya Lweba akashusha sauti.

"Umeikala? Ku matanga? Woo, pole sana, ndugu yangu. Nani alikufa?"