Mkufu wa Vibomba Vinane

Nawaeleza hili nikiwa bado naona haya. Wazazi walipofariki niliacha shule, nikawalea wadogo zangu watatu kwa kutengeneza baiskeli kando ya barabara ya Ipyana, mvua ikininyeshea. Mwezi uliopita Mama Atu, muuza mitumba, aliniletea viatu vya binti yake vyenye magurudumu manne manne kwa mstari, pamoja na beringi mpya kutoka Malawi.

"Dada fundi, unaviweza?"

"Gurudumu ni gurudumu, mama."

"Ndaga, asante. Vikiteleza vizuri, kibaraza cha duka langu ni chako."

Nilitoa beringi kuukuu, mbili kila gurudumu. Katikati yake kulikuwa na kibomba kidogo cha chuma. Baiskeli haina kitu hicho, nikaamua ni cha kufungashia tu. Vyote vinane nikampa mdogo wangu Tumpe achezee. Kisha nikatia beringi mpya, nikakaza bolti kwa nguvu zote, kama za baiskeli ya kubebea mpunga. Magurudumu yakawa mazito. Nikajiambia ni upya.

Jumamosi tulikutana kwenye sakafu ya kuanikia mpunga. Atu akavaa, akajisukuma. Hakuna gurudumu lililozunguka. Akatembea ko, ko, ko, kama mbuzi kwenye saruji.

"Yatalainika," nikasema, jasho likinitoka.

Mama Atu akainama, akasukuma gurudumu kwa kidole. Likagoma.

"Fundi, humu katikati hakukuwa na kitu?"

"Hakukuwa na kitu, mama."

Tumpe akanipita, asogee aone vizuri. Shingoni amevaa mkufu wa vibomba vinane, vinang'aa.