Kilo za Mwalimu Sébastien

Si kweli kwamba mwalimu Sébastien alipunguzwa akawa mdogo kama kidole, wala kwamba mjane wake amemfungia ndani ya chupa. Tuanze hapo, maana kijiji kizima cha Karuba kilianzia hapo.

Uvumi ulitoka kwa Noël, mmoja wa vijana waliobeba jeneza la mwalimu kulipandisha kilima. Alisema lilikuwa jepesi kama kikapu cha maganda ya maharage. Wiki iliyofuata, nyumba ya video ikaonyesha filamu ya shujaa anayebonyeza kifungo, akawa mdogo kama sisimizi, akampanda sisimizi kama farasi, kisha akaangusha majitu kwa ngumi moja. Noël akatoka humo na maelezo kamili.

Mama Geneviève, mjane huyo, aliyefundisha fizikia miaka ishirini, alikuwa wa mwisho kusikia. Alisikia kwa Papa Jean-Bosco, baba wa bwana harusi, aliyekuja na ndugu zake wawili siku ya kupanga ng'ombe wa mahari ya Falone, binti wa Mama Geneviève. Mzee alikataa kiti. Alisema, akitazama chini, kwamba hawawezi kuchukua bibi harusi mu nyumba yenye kupunguza batu.

Noël alikuwa mwanafunzi wa Mama Geneviève. Kitu gani alichomfundisha kilibaki?

Hakulia. Aliwapeleka wageni kwenye kibanda cha jibini, akaweka kwenye mizani ndoo ya maziwa yaliyoganda: kilo kumi. Akayamimina katika kitambaa juu ya ndoo nyingine, akakaza, akaweka jiwe juu. Walisubiri wakiwa wamesimama, chai ikapoa mikononi. Mwishowe donge lilikuwa limesinyaa hadi ukubwa wa ngumi mbili.

"Papa, pima."

Jibini peke yake lilikuwa kilo moja. Pamoja na maji yaliyochuruzika, kumi zilezile.

"Kitu haiwezi kuwa nyepesi kama hakuna yenye ilitoka," akasema Mama Geneviève. "Yule wa mu filme, kama iko na kilo zake zote, sisimizi angepondeka chini yake. Kama hana, ngumi yake haiwezi kuumiza hata nzi. Filme inachukua yote mbili. Kama Sébastien angepunguzwa, Noël na wenzake bangebeba kilo makumi munane ndani ya kisanduku cha kiberiti, na bangelia."

Ndugu mmoja akacheka kabla hajajizuia. Papa Jean-Bosco hakucheka. Alikuwa angali ameinama juu ya ndoo ya maji yale, na polepole uso wake ukabadilika.

"Basi, Mama, jeneza ilikuwa nyepesi kweli. Muzee ilimutoka nini?"

Hilo Mama Geneviève hakuwa ameliona likija, naye ndiye aliyelifungulia njia. Mlangoni Falone alishika kinywa. Miezi saba ya ugonjwa, pazia la chumba cha Sébastien lilikuwa limefungwa, na hakuna jirani aliyeruhusiwa kuingia, kwa ombi la mgonjwa mwenyewe.

Mama Geneviève akafunika ndoo.

"Mulikuja kuuliza kama alipunguzwa. Hapana. Kama ni hiyo tu ilikuwa inazuia ndoa, mukae. Kama iko ingine, njia munaijua."

Mzee akavuta kiti, akaketi.

Ng'ombe walifika Jumamosi. Na kwa wanaoendelea kuuliza kilichomtoka mwalimu, Mama Geneviève ana jibu moja: Sébastien aliomba pazia lifungwe, na bado limefungwa.