Violoni ya Chumvi

Utotoni niliamini violonseli ni violoni ya chumvi. Kwa Kifaransa chumvi ni sel, na ushahidi niliuona: kila alipotaka kupiga ile violoni kubwa, Tonton Gabi, mdogo wake mama, alisugua upinde kwa kibonge kilichoacha unga mweupe.

Mchana mmoja wakubwa wa orkesta moja ya rumba walikuja kwetu kumjaribu. Wakimpokea, angepata kazi. Walikaa wakinuka bia, nyuso zimekunjwa.

"Huyu wa muziki ya misa, atatufanyia nini?" mmoja alikejeli.

Nikaamua kumsaidia tonton. Nikaupaka upinde chumvi ya jikoni, mbichi mbichi. Ulipogusa nyuzi, ulikwaruza kama kisu kwenye sahani. Wale wakaondoka wakicheka vibaya.

"Mutoto mubaya weye!" Tonton alifoka, akanisusa.

Kibonge kile, sasa najua, kilikuwa utomvu mkavu wa mti. Juzi nilimwona kwenye simu, yuko Ulaya, akipiga nyimbo za kale, za kisasa zisizo na kichwa wala miguu, kisha rumba yetu. Nikamwonyesha jirani, Mama Vero, nikijisifu kwamba mimi, kwa chumvi ile, ndiye niliyemfungulia njia.

"Wacha uongo," alisema. "Alifika mbali sababu weye ulibakia hapa."