Kichwa Alichonyimwa Mjomba

Mume wangu Keoagile hajawahi kuwa mtu wa pombe. Nalisema hili mwanzo kabisa, kwa sababu ukiuliza leo hapa kijijini Shoshong, hata mtoto atakuambia kwamba Baba Gaone ni yule mlevi aliyenyang'anywa leseni na mahakama. Wanaosema hivyo ndio hao hao aliowapelekea maji miaka nenda rudi.

Alikuwa dereva wa boza la maji la halmashauri. Kule kwenye mazizi ya mbali, ambako bomba halijafika, akina mama walilisikia lori lake kabla halijaonekana, wakaanza kupanga ndoo. Walimwita Baba Maji. Alikuwa makini mpaka anachosha. Hapandi gari kabla hajalizunguka na kupiga kila tairi teke, hata kama ni la jirani aliyempa lifti tu. Nilikuwa nikimtania, "Baba Gaone, ungekuwa unanikagua mimi hivyo, ningenenepa." Anacheka, anahamia tairi linalofuata.

Kwetu mjomba ana kazi zake. Mtoto wa dada yako akiposa, unatangulia wewe. Akipata kesi, unaitwa wewe. Na siku ya harusi yake, fahali akichinjwa, kichwa ni chako. Kinaletwa mbele ya watu wote, unakipokea, na kila aliyekaa pale anajua kijana huyu alibebwa na nani. Keoagile alikuwa na mpwa mmoja tu, Oteng. Alimfundisha kukamua, kuswaga ng'ombe, na mwisho kuendesha gari.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, tulikwenda kijiji cha jirani kumposea kijana mwingine wa ukoo. Posa bila pombe ya mtama kwetu haiendi. Kibuyu kinazunguka kwa wazee, na ukikiruka umewatukana wenyeji. Keoagile alilijua hilo, ndiyo maana asubuhi alimpa Oteng ufunguo wa pikapu yetu.

"Leo mimi nakaa na wazee wa kibuyu," alimwambia. "Wewe usiguse kitu. Utaturudisha nyumbani."

"Mjomba, si unanijua?"

Alimjua vibaya. Wazee walipokuwa kwenye boma na kibuyu chao, Oteng alikuwa nyuma ya nyumba na vijana wenzake, na chupa.

Wakati wa kurudi nilipanda nyuma pamoja na masufuria. Kupitia kioo niliwaona wote wawili: Oteng kwenye usukani, mume wangu kando yake, kofia yake magotini. Jua lilikuwa bado juu, barabara imenyooka. Ng'ombe alivuka polepole mbele yetu, mchana kweupe, na Oteng hakumwona. Ng'ombe alikufa pale pale, gari likaishia mtaroni. Sisi tulitoka na michubuko tu. Watu wa duka la kando ya barabara wakawaita polisi.

Kabla hawajafika, Oteng alikuwa amepiga magoti mchangani.

"Mjomba, wiki ijayo naingia chuo cha polisi. Wakinipima, nimekwisha."

"Ulikunywa?"

"Kidogo tu. Mjomba, sina mwingine wa kumwendea."

Mimi nikasema, "Mwenye kosa ana miguu miwili na mdomo. Asimame aseme mwenyewe."

"Mama Gaone, nyamaza," mume wangu akasema. Tangu anioe hakuwa ameniambia neno hilo. "Hii ni kazi ya mjomba."

"Siku ya harusi yangu," Oteng akasema huku kamasi zinamtoka, "kichwa nitakubebea mwenyewe, kwa mikono yangu, mbele ya watu wote. Sitasahau."

Polisi walipouliza dereva ni nani, Keoagile akajibu, "Mimi." Akapuliza kipimo, na kile kibuyu cha wazee kikaonekana chote. Alilala mahabusu.

Mahakamani alikiri kosa. Hakimu, mwanamke wa sauti ya chini, alimuuliza kama ana lolote la kusema ili apunguziwe adhabu. "Sina, mheshimiwa," akajibu. Oteng hakuwepo, alikuwa chuoni akijifunza kupiga saluti. Mimi nilidhani mambo ni faini basi. Tukauza ng'ombe, tukalipa, nikashusha pumzi. Kumbe nimeharakisha. Leseni ilifungiwa miaka miwili. Halmashauri ikamwachisha kazi, kwani dereva asiye na leseni wa nini. Watu wa bima wakakataa kutengeneza pikapu, wakasema gari lililoendeshwa na mlevi si lao. Na miaka miwili ilipopita, leseni ikarudi, kila alikoomba kazi walitaka kwanza kujua kama ana rekodi polisi. Anayo. Akijibu hivyo wanamshukuru kwa kufika.

Siku hizi anachunga ng'ombe wa watu. Boza likipita, anasimama kando ya barabara na kuyaangalia matairi.

Na hakunung'unika. Mimi ndiye niliyenung'unika kwa niaba ya wote wawili. "Kijana amekuwa polisi," alikuwa akiniambia. "Mwache. Siku ya harusi watu watajua." Hakuwa akingoja shukrani ya mfukoni. Alikingoja kile kichwa, maana kijana polisi akimletea mlevi kichwa cha fahali mbele ya kijiji, kijiji kitauliza kwa nini. Na hapo jina lake litarudi.

Posa ya Oteng ilifanyika bila mjomba wake. "Ilikuwa haraka haraka, Mjomba," tukaambiwa. Keoagile akakubali. Ikafika harusi. Alivaa suti yake ya pekee, akapiga viatu rangi mpaka nikamwambia bwana harusi ni mwingine. Tukakaa mstari wa mbele. Wanaume walikuwa wakiponda nyama ya seswaa kwenye masufuria ya chuma, wasichana wanaimba. Kisha beseni lenye kichwa likatoka jikoni. Mume wangu akavua kofia, akainuka nusu.

Beseni likampita. Likawekwa mbele ya baba mdogo wa Oteng, mtu wa kanisa mwenye tai nyekundu, ambaye hajamfundisha yule kijana hata kufunga kamba ya kiatu. Keoagile akabaki pale katikati, si amekaa si amesimama, na watu wakaanza kuchunguza sahani zao.

Nilimfuata dada yake, mama wa Oteng, jikoni. "Wifi, kichwa kimepotea njia?"

"Wifi, usinianzie leo. Wakwe ni watu wa dini. Hawawezi kumwona mtu mwenye kesi ya ulevi akipokea kichwa."

"Nani aliwaambia wakwe habari za kesi?"

"Oteng mwenyewe. Hakutaka kuwaficha kitu."

Maskini, hakujua alichokuwa akisema. Alimwamini mwanawe kama tulivyomwamini sisi.

Mimi na Keoagile tukajitenga nyuma ya zizi, na Oteng akatufuata, amebeba sahani iliyofunikwa. Hapakuwa na mtu mwingine, ni sisi watatu na mbuzi.

"Mjomba, usichukie. Nimekuwekea ulimi."

"Uliahidi kichwa."

"Mimi nakamata walevi barabarani, Mjomba. Wakubwa zangu wako pale wanakula. Ningekusimamishaje?"

"Oteng, hapa tuko watatu."

"Najua, ndiyo maana naongea wazi. Nakuheshimu sana. Lakini ukweli ni kwamba, tangu siku ile ulipomgonga yule ng'ombe..."

Aliyasema hayo bila kupepesa macho. Hakuwa akituigizia, kwani angemwigizia nani? Alizungumza kwa huruma, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusamehe. Nimepunjwa na wachuuzi, nimesengenywa na majirani, lakini sijawahi kujisikia nimesalitiwa kama pale. Kazi alituchukulia, heshima alituchukulia, na sasa alikuwa amechukua hata ile siku yenyewe.

Keoagile aliipokea sahani. Akaiweka juu ya nguzo ya zizi, akavaa kofia, akaanza kutembea. Nikamfuata. Tulifika karibu na kisima ndipo akasimama.

"Mama Gaone, siku ile nani alikuwa anaendesha?"

Nilidhani ni hasira. Nikamtazama, nikaona anauliza kweli.

"Oteng," nikamwambia. "Nilikuwa nyuma na masufuria, niliwaona. Oteng alikuwa kwenye usukani. Wewe ulikuwa kando, kofia yako magotini."

"Hebu sema tena," akasema.

Nikasema tena.