Nyumba ya Nyale, Minazi ya Baya

Ndinda akishapenda kitu hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Namjua. Cherehani yake na karai langu la viazi vimekaa ubavu kwa ubavu pale Barani, Malindi, tangu alipofiwa na mumewe. Ni Mkamba wa Kitui, si mtu wa maneno mengi, lakini kichwa chake ni jiwe. Mtoto anaye mmoja, Cynthia, na homa ya uti wa mgongo ilimchukulia masikio kabla hajajua hata kuomba maji. Huzungumza na mamake kwa mikono.

Basi Ndinda akapenda nyumba. Na nyumba yenyewe iko Gede, konani kabisa, kando ya barabara kuu ya Mombasa, pale malori ya mawe yanapopita kama yanafukuzwa.

Siku aliyonipeleka kuiona nilimuuliza, "Mama Cynthia, umerogwa? Mtoto hasikii, nawe wamtafutia nyumba mdomoni mwa lori?"

"Dada Sidi, shule yenye mwalimu wa viziwi iko hapo nyuma, barabara hata havuki," akanijibu. "Tena tazama ile minazi."

Haya, minazi niliiona. Safu nzima, minene, imesimama baina ya nyumba na lami, na ua wa makuti umefungwa humo. Shina moja lilikuwa na kovu pana. Mwaka jana lori liliacha njia likaja moja kwa moja, mnazi ukalizuia. Mzee Nyale, mwenye nyumba, alituonyesha kovu hilo kwa fahari, utadhani ni yeye aliyelizuia kwa kifua. Ndinda akalipapasa, uso ukamlainika.

Sisi Wagiriama hatuuziani kiwanja tukiwa tumekaa vitini. Siku ya kuandikiana, muuzaji humzungusha mnunuzi mpakani kwa miguu, majirani wakitazama, ili kesho asizuke mtu akasema hakuona. Siku hiyo ilipofika Ndinda alikuja na pesa zake zote mkobani, kaukumbatia mkoba kama mtoto mchanga. Cynthia tukamwacha barazani akicheza na vifuu vya nazi. Mzee Nyale akatangulia, sisi nyuma.

Tulipofika kwenye minazi nikainua macho. Lo! Kila shina lilikuwa limefungwa kirapho: kitambaa chekundu na ganda la konokono, dawa ya kumnasa mwizi wa nazi. Kirapho hufungwa na mwenye mali. Na Mzee Nyale ni mlokole, hawezi kufunga dawa hata kwenye mlango wa choo.

"Mzee Nyale," nikamwita, "hii minazi ni ya nani?"

"Ya ndugu yangu Baya, mtoto wa ami," akasema, bila wasiwasi wowote. "Ilipandwa na babake. Mimi nauza kiwanja na nyumba. Minazi ina mwenyewe. Kwani wewe Sidi hujui?"

Najua sana! Huku kwetu ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, mtu aweza kuishi juu ya mchanga wake chini ya mnazi wa mwingine mpaka azikwe. Lakini huyu Mkamba angejuaje? Kwao ukinunua shamba umenunua na kilichoota. Hati alimpelekea wakili, mipaka aliiuliza, la minazi hakuliuliza kwa sababu hakuona la kuuliza.

"Iwe ya Baya," Ndinda akasema. "Mradi ibaki imesimama."

Mzee Nyale akakohoa. Kile kikohozi sikukipenda hata kidogo.

Baya akaitwa, akaja na shuka begani, mtu mpole. Ndinda akamwamkia, "Shikamoo baba," naye akaitikia marahaba vizuri tu. Kisha akasema, "Nimewauzia watu wa mbao, mwanangu. Imezeeka hii, nazi zake siku hizi kama ndimu. Alhamisi wanakuja kuikata."

"Niuzie mimi."

"Pesa yao nimemzikia mke wangu. Nitawarudishia nini?"

Nikamgeukia Nyale. "Na wewe ukamwonyesha kovu! Ukamwacha alipapase!"

"Hakuniuliza," akasema. Nusura nimvulie kiatu, mzee wa watu.

Ndinda akaanza kutapatapa. "Nitajenga ukuta."

"Kwa pesa gani, Mama Cynthia?" nikamuuliza. "Kila ulicho nacho kimo humo mkobani."

"Basi nitampa Cynthia chumba cha nyuma."

"Na kucheza je? Utamfunga kamba?"

"Dada, niache!" akanipigia kelele, yeye ambaye sijapata kumsikia akipaza sauti. "Unajua tumefukuzwa nyumba ngapi? Mtoto akilia analia kwa sauti kubwa, hajisikii, na kila mpangaji anakwenda kushtaki. Hapa na haya malori nani atamsikia? Hapa angelia anavyotaka!"

Sikujua. Miaka yote hiyo tumekaa pamoja, hakuwahi kuniambia.

Ndipo lori la mawe lilipoingia konani kwa kasi, honi limeiachia yote. Tuliruka sote. Kofia ya Mzee Nyale ilianguka, kuku wakatawanyika. Cynthia alikuwa barazani, kaipa barabara mgongo, anapanga vifuu vyake. Hakuinua hata kope.

Lori likapita. Ndinda alikuwa hamtazami mtu isipokuwa mwanawe. Akaufunga mkoba zipu.

"Nisamehe, mzee," akamwambia Nyale. "Nyumba nimeipenda. Lakini huyu nimemzaa."

Akaenda barazani, akamgusa mtoto bega, akamwambia kwa mikono kwamba twaondoka. Cynthia akacheka, akadhani ni mzaha. Alipoona mamake hacheki, akatikisa kichwa, akaunganisha ncha za vidole juu ya utosi kama paa, akajipiga kifua, akaonyesha sakafu. Sikuhitaji kuelezwa. Kwetu. Hapa.

Ndinda akatikisa kichwa. Mtoto akaikumbatia nguzo ya baraza. Mamake akambandua kidole kimoja baada ya kingine, akambeba, na njia nzima hadi stejini Cynthia alimpiga ngumi kifuani, naye hakumzuia mkono hata mara moja.