Mihogo Kwenye Lami ya Walikale

Harufu ya mihogo iliyolowekwa, ile kali inayoshika koo, wengine huikimbia. Mimi nikiinusa husimama. Na niwaambie, mimi si mtu wa kusimama ovyo: mtoto wa kijiji cha Karuba niliyeuza maziwa hadi nikajilipia chuo, nikaenda ng'ambo, nikarudi na diploma ya uinjinia ambayo nimeitundika mbele ya mlango, mgeni asiikose.

Siku ile nilikuwa bado mdogo. Mama alikuwa akipeleka fromage, yaani jibini, za Masisi kuuza Kindu, akanipandisha ndege pale Goma kwa mara ya kwanza, nikiwa na gauni langu la Noeli. Juu ya msitu wa Walikale injini ya kushoto ilipiga kishindo, kisha moto ukaanza kulamba bawa. Moshi ukaingia ndani. Papa mmoja, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa akitucheka kwa kunuka fromage, alimshika Mama mkono akalia kuliko mimi.

Rubani alisema kama mtu anayeagiza chai, "Goma iko mbali. Tunashuka Walikale, ku barabara. Mufunge mikaba."

Huko ndege zilikuwa zikitua kwenye kipande cha barabara ya lami. Siku ambazo ndege hazikuja, lami ilikuwa ya akina mama, wakianika mihogo juu yake. Ndege ikifika ilizunguka kwanza angani, nao wakakusanya mihogo yao taratibu. Yetu haikuwa na nafasi ya kuzunguka, na hakuna aliyeitarajia.

Dirishani niliona lami nyeupe kabisa. Ghafla wanawake wakatoka mbio pande zote, wakausukuma weupe ule mtaroni kwa mafagio, kwa miguu, kwa vitenge, vumbi likiruka. Nikapiga makofi! Nilidhani wanatumwagia unga kama maharusi.

Tulitua kwa kurukaruka, tukateremka tukisukumana, na watu wakaumwagia moto mchanga hadi ukazimika. Mama alikuwa amekumbatia fromage zake.

"We Mama! Moto inakufukuza na uko unabeba fromage?" mwanamke mmoja alimcheka, uso wake mweupe kwa unga.

"Hii njo pesa ya masomo ya huyu mutoto," Mama akajibu. Kisha akaomba kisu, akazikata zote, akawagawia palepale.

Mimi nilicheza mtaroni, nikikanyaga vipande vya mihogo kwenye matope. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba nilikuwa nakanyaga chakula cha nyumba zile zote. Hakuna aliyeokota hata kikapu kimoja kwanza. Hakuna aliyeuliza ndani ya ndege kuna nani.

Hivi karibuni nilipita huko na jeep yangu, yenye kiyoyozi. Mihogo ilikuwa imeanikwa lamini.

"Mama Injinia, nipige honi?" dereva akauliza.

"Zima gari, kaka."

Nikashuka na viatu vyangu vya ngozi, nikainama, nikaisogeza mihogo kwa mikono, polepole, hata kipande kimoja kisianguke mtaroni.